Jini, maradhi au imani iliyotikisika? Namna wanasaikolojia wanavyopambanua matatizo ya kiroho

KATIKA miji yetu, na hapa Arusha pia, lipo swali ambalo familia nyingi za Kiislamu hulazimika kulijibu kwa haraka, tena mara nyingi usiku, majirani wakiwa wamekwishajaa uani. Binti ameanguka na anatoa sauti isiyo yake. Au kijana aliyekuwa akiadhini hataki tena kuingia msikitini. Au mama aliyefiwa halali, haongei, na akiongea anasema Allah amemuacha. Swali ni hili: akasomewe kwa sheikh, apelekwe kwa mganga, au apelekwe Hospitali ya Mount Meru?

Ndugu msomaji, jibu linalotolewa usiku ule huweza kumponya mtu au kumuangamiza. Pamoja na uzito wake, wengi wetu hulijibu kwa mazoea. Wapo ambao kila kitu kwao ni jini. Wapo wengine, hasa waliosoma, ambao kila kitu kwao ni msongo wa mawazo na dini haina nafasi. Mimi naona makundi yote mawili yanakosea kwa namna moja: yanatoa hukumu kabla ya kuuliza.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi wanasaikolojia waliobobea wanavyouliza. Wanatambuaje kuwa tatizo la mtu ni la kidini au la kiroho, na wanalitenganishaje na maradhi ya akili au ya mwili? Nitaeleza kwa mifano ya kwetu. Mifano nitakayoitoa bila kutaja mwaka wala tukio nimeitunga ili isimguse mtu, isipokuwa mmoja ambao nitasema kuwa niliushuhudia.

Kutoka kuidharau dini hadi kuiuliza

Ni lazima tukiri kuwa elimu ya saikolojia ya Magharibi ilianza na uadui kwa dini. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliandika mwaka 1907 akizifananisha ibada na vitendo vya mgonjwa wa wasiwasi, na mwaka 1927 akatoa kitabu kizima kuielezea dini kuwa ni ndoto ya matamanio ya mwanadamu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa fani hii walifundishwa kuwa mteja akimtaja Mungu sana, hiyo yenyewe ni dalili ya ugonjwa.

Ndiyo maana Profesa Malik Badri, mwanasaikolojia wa Kiislamu kutoka Sudan aliyefariki mwaka 2021, aliandika kitabu mwaka 1979 kuhusu mtihani unaowakabili wanasaikolojia wa Kiislamu. Aliwaonya wasimeze kila kitu kutoka Magharibi bila kutafuna. Lakini, na hili wengi hulisahau, hakusema saikolojia yote itupwe. Yeye mwenyewe alitibu wagonjwa kwa mbinu za fani hiyo, akachukua lenye manufaa na kuacha linalopingana na itikadi.

Tena Waislamu si wageni katika elimu hii. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Humo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni inayomjia mtu bila sababu anayoijua. Hii ya pili aliihusisha na hali ya mwili, akasema inahitaji pia tiba ya mwili. Aliandika kuhusu wasiwasi unaomshika mtu na kumrudia rudia. Hayo aliyasema miaka zaidi ya 900 kabla ya Freud kuzaliwa.

Mabadiliko makubwa huko Magharibi yalikuja mwaka 1994. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitoa toleo la nne la mwongozo wake wa kutambua maradhi, unaojulikana kwa kifupi kama DSM. Kwa mara ya kwanza mwongozo huo uliweka kifungu kiitwacho "tatizo la kidini au la kiroho". Waliopendekeza walikuwa David Lukoff, Francis Lu na Robert Turner. Kifungu hicho kilibakizwa katika toleo la tano la mwaka 2013.

Jambo la kuzingatia ni mahali kilipowekwa. Hakikuwekwa katika orodha ya magonjwa ya akili. Kiliwekwa katika sehemu ya mambo yanayoweza kumfikisha mtu kwa mtaalamu ingawa si ugonjwa, kama vile kufiwa au kugombana katika ndoa. Maana yake ni kuwa mtu anaweza kuwa na dhiki kubwa inayohusu imani yake, akahitaji msaada, na bado asiwe mgonjwa wa akili. Mwongozo unataja mambo kama kupoteza imani au kuitilia shaka, matatizo yanayoambatana na kuingia katika dini mpya, na kuhoji maadili ya kiroho hata nje ya dini rasmi.

Tatizo la kiroho likoje hapa kwetu?

Mei 6, 2017 basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, likaua wanafunzi zaidi ya 30 pamoja na walimu na dereva. Mji mzima ulilia. Mzazi aliyepoteza mtoto katika msiba kama ule anaweza kukaa miezi akiuliza: Kwa nini mwanangu? Nilikosa nini? Dua zangu zilikwenda wapi? Mtu huyu anakula kidogo, analala kidogo, anakwepa watu. Je, ni mgonjwa? Je, imani imemtoka?

Mtaalamu mwenye elimu hafanyi haraka kusema ndiyo kwa lolote kati ya hayo. Na sisi tunayo sababu ya kutofanya haraka. Qur'an inatueleza kuwa Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakapofuka (12:84), na kwamba Maryam katika uchungu wa uzazi alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile (19:23). Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na Bi Khadija na Abu Talib katika mwaka ambao wanahistoria wameuita Mwaka wa Huzuni. Anayemwambia mfiwa kuwa machozi yake ni upungufu wa imani hakuisoma sira.

Mfano wa pili. Kijana wa Kiarusha au wa Kimeru kutoka vijiji vya miteremko ya Mlima Meru anasilimu mjini. Nyumbani ametengwa, hashiriki tena baadhi ya mila za rika lake, na wazee wanamtishia laana. Mjini, Waislamu walimshangilia siku ya shahada, baada ya wiki mbili hakuna anayemuuliza amekula nini. Sasa hana usingizi, moyo unamwenda mbio, anaogopa laana na anaogopa moto. Huyu ana tatizo la kidini kwa maana kamili ya kifungu kile. Vidonge peke yake havitamrudishia jamaa aliowapoteza, na kisomo peke yake hakitampa pa kulala.

Mfano wa tatu ni msichana wa chuo anayeswali lakini moyoni anasema hana hakika tena kama kuna anayemsikia. Anaona aibu kumwambia mtu. Akimwambia mama, atalia. Akimwambia ustadhi, anahofia kutangazwa. Masahaba walikwenda kwa Mtume (s.a.w.) wakamueleza kuwa hujiwa na mawazo ambayo ni mazito mno kwao kuyatamka, naye akawafahamisha kuwa kule kuyachukia ndiyo dalili ya imani iliyo wazi. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Kumbe hata jamii bora kuliko zote ilikuwa na mahali pa kupeleka swali hili bila kuadhiriwa!

Hatua za upimaji

Sasa tuingie katika kiini cha somo. Mtaalamu anafanya nini mteja anapoketi mbele yake?

Kwanza, anahakikisha mwili umeangaliwa. Homa ya malaria iliyopanda kichwani, kisukari kilichoshuka au kupanda, matatizo ya tezi ya shingo, ulevi, bangi na madawa ya kulevya, hata homa baada ya kujifungua, vyote huweza kumfanya mtu aseme maneno yasiyoeleweka au aone visivyoonekana. Kifafa nacho kwa karne nyingi kimeitwa shetani. Katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, watafiti wameonyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wa kifafa wana mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyojenga vifuko ndani ya ubongo. Msidhani hili haliwahusu Waislamu kwa kuwa hawali nguruwe. Mayai ya tegu huyo hutoka kwa binadamu mwenye tegu na husambaa kwa maji, mboga na mikono michafu.

Watu wa Meru wataielewa hatua hii kwa urahisi. Mgeni akimuona mtu wa Maji ya Chai ana meno ya kahawia hudhani hapigi mswaki. Ukweli ni kuwa maji ya volkano ya Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Chanzo kimo majini, na wewe unamlaumu mwenye meno! Ndivyo tunavyomlaumu mgonjwa kwa imani haba ilhali chanzo kimo katika damu yake.

Pili, anauliza kuhusu dini yenyewe, kwa heshima na bila haya. Daktari Christina Puchalski wa Marekani alitunga mwaka 1996 utaratibu mfupi wa maswali unaotumika katika hospitali nyingi. Kwa lugha yetu ni kama hivi: Una imani gani, na ni nini kinachoyapa maisha yako maana? Imani hiyo ina uzito gani katika namna unavyoishi na unavyoyapokea maradhi haya? Je, una jamaa wa kidini, msikiti au darsa, wanaokusaidia? Na ungependa mimi ninayekuhudumia nilizingatie vipi jambo hili? Maswali manne tu, lakini yanamfungulia mteja mlango ambao huenda hajawahi kufunguliwa.

Tatu, anapima jambo kwa mizani ya jamii ya mteja. Mwongozo wa DSM wenyewe unasema kuwa itikadi inayokubalika kwa kawaida katika jamii au dini ya mtu isihesabiwe kuwa ni wazo la kichaa. Muislamu akisema majini wapo, hajaumwa. Amesema lililomo katika Kitabu chake. Akisema amemuota marehemu baba yake akimuusia, hajaumwa. Akisema yeye ndiye Mahdi na taa za barabarani za Sakina zinamtumia ujumbe, hapo hata Waislamu wenzake wanashituka. Ndiyo maana mtaalamu mzuri humuuliza imamu au jamaa: Je, haya anayoyasema ni ya kawaida kwenu?

Nne, anatazama maisha yanakwenda vipi. Hapa zipo dalili ambazo wataalamu huziangalia. Je, uzoefu huo unamtia hofu kubwa kuliko waumini wenzake? Je, umemmeza hata hawezi kuwaza jingine? Je, ameacha kuoga, kula, kufanya kazi na kuwatunza watoto? Je, amejipa cheo cha pekee kinachomtenga na jamaa zake wa dini? Je, ana mahali anapoweza kusema, "Labda nimekosea"? Mcha Mungu wa kweli ibada humpangia maisha. Wa pili maisha yamemvurugika, na ibada ni moja tu ya vilivyovurugika.

Tano, anauliza imani inatumikaje. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, ameonyesha kuwa watu hutumia dini kwa njia mbili wakati wa shida. Wapo wanaotafuta upendo wa Mungu, msaada wa waumini na maana katika mtihani. Wapo wanaoona Mungu anawalipiza kisasi, amewatupa, au kila kitu ni kazi ya shetani. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wazee waliolazwa hospitalini. Waliokuwa katika mgogoro wa aina hii ya pili walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufariki katika miaka miwili iliyofuata. Basi mgonjwa anayesema "Allah ananichukia" asijibiwe kwa kukemewa. Amesema jambo zito linalohitaji kusikilizwa.

Sita, anauliza kuhusu kifo waziwazi. Kujiua ni haramu, na aya ya 4:29 imekataza kujiangamiza. Lakini uharamu wake usitufanye tuogope kuuliza. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujidhuru hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Saba, anakubali kuwa mambo mawili yanaweza kuwa pamoja. Mtu anaweza kuwa na sonona na pia kuwa na swali la kweli kuhusu imani. Kumtibu moja na kuliacha jingine ni kumtibu nusu.

Suala la majini

Najua msomaji anasubiri hapa. Mimi ni Muislamu na naamini kuwapo kwa majini. Lakini kuamini kuwa majini wapo hakunilazimishi kuamini kuwa kila anayeanguka ameingiwa na jini, kama ambavyo kuamini kuwa wezi wapo hakunilazimishi kuamini kila kilichopotea kimeibwa.

Wamaasai wa mkoa wetu wanatoa funzo. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson ameandika kuhusu orpeko, hali ya kupagawa iliyoenea miongoni mwa wanawake wa Kimaasai wa Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 20. Wanawake walitetemeka, waliugua, walidhoofu. Hali hiyo iliitwa pia esetani, neno lililotoka katika Kiswahili. Wengi waliambiwa dawa ni kubatizwa, nao wakaingia kanisani kwa wingi huku wanaume wakibaki nje. Hodgson aliihusisha hali hiyo na mabadiliko yaliyowaondolea wanawake nafasi na mamlaka waliyokuwa nayo. Muislamu anaweza asikubaliane na kila hitimisho lake, lakini asilipuuze swali lake: mbona waliopagawa ni hawa na si wale, na ni nini kilichokuwa kikiendelea nyumbani?

Swali hilo tuliulize na mitaani kwetu. Binti anayepandisha mashetani kila ukikaribia mtihani, au kila mchumba asiyemtaka anapoleta posa, huenda mwili wake unasema alichokatazwa kusema kwa mdomo. Hafanyi makusudi wala haigizi. Dhiki yake ni ya kweli.

Orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, inayo hali ya kupagawa. Lakini inaweka sharti: isihesabiwe kuwa ni maradhi ikiwa ni sehemu ya mila au ibada inayokubalika katika jamii ya mtu, bali ihesabiwe pale inapomjia bila kutaka na kumletea dhiki au kumharibia maisha. Daktari hakuulizwa kama jini yupo au hayupo. Ameulizwa mtu huyu anateseka vipi na atasaidiwaje.

Hili niliwahi kulishuhudia katika msikiti mmoja mjini baada ya Isha. Kijana aliletwa akiwa ametoka kuanguka, ndugu zake wakitaka asomewe na atandikwe ili jini atoke. Imamu, mzee ambaye hakusoma saikolojia popote, alimlaza ubavu, akazuia mtu yeyote asimpige, kisha akawauliza ndugu zake: "Akianguka hung'ata ulimi? Hujikojolea? Huwa amelala muda gani baada ya hapo? Alianza lini?" Majibu yalikuwa ndiyo, ndiyo, na tangu utotoni. Akamsomea Fatiha na Muawwidhatayn kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Huyu kesho asubuhi hospitali. Dua nitaendelea nayo mimi." Kijana yule alianzishiwa dawa za kifafa.

Mzee yule alikuwa na sunna nyuma yake. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kuwa huanguka na nguo humfunuka. Mtume alimpa khiyari ya kusubiri apate Pepo au aombewe apone. Alichagua kusubiri, akaomba tu asifunuke, naye akaombewa. Mwanamke yule hakupigwa, hakuambiwa imani yake ni haba, na stara yake ililindwa. Tulinganishe na baadhi ya yanayofanywa leo kwa jina la ruqya, ya kuwapiga wanawake, kuwakaba na kuwafungia faragha na wanaume wasio maharimu wao. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyomo kwa Abu Dawud, kuwa anayejitia kutibu bila kujulikana kuwa ana elimu ya tiba atabeba dhamana ya madhara. Hukumu hii wasomaji wa ruqya wa mijini waibandike ukutani.

Wasiwasi wa ibada

Lipo tatizo ambalo huonekana kama uchamungu. Mtu anatawadha nusu saa. Anarudia takbira mara ishirini. Anahisi upepo umemtoka, anarudi bombani, jamaa inampita. Ibn al-Jawzi na Ibn al-Qayyim waliandika kuwakosoa watu wa aina hii karne nyingi zilizopita, wakasema ni mtego wa Iblis.

Wanasaikolojia wanaijua hali hii kama aina ya ugonjwa wa wasiwasi uliovaa nguo ya dini. Wanautambua kwa maswali rahisi. Je, unalofanya linazidi kile sheria inachodai? Je, umeshikilia jambo moja, kama tohara, na kusahau mengine, kama haki za mke na uaminifu kazini? Je, ukimaliza unapata utulivu, au hofu inarudi papo hapo? Je, fatwa ya sheikh inakutosha, au kesho unamuuliza tena yale yale?

Hilo la mwisho ni muhimu sana. Mwenye swali la fiqhi akijibiwa anatulia. Mwenye ugonjwa akijibiwa anatulia dakika tano. Tiba yake ni kumzoesha hatua kwa hatua kuvumilia shaka bila kurudia, pamoja na dawa akihitaji. Hapa sheikh na mwanasaikolojia wanahitajiana kabisa: sheikh anaweka mpaka wa sheria, kwamba kuosha mara tatu kunatosha na shaka haiondoi yakini, na mtaalamu anamsaidia kuishi ndani ya mpaka huo.

Funzo la Loliondo

Mwaka 2011 mkoa wetu ulishuhudia jambo lililotikisa Afrika Mashariki. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, alisema Mungu amemuotesha dawa. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alikuwa akitoa kikombe kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa za UKIMWI na kisukari ingawa madaktari walihimiza wasiache. Waliokwenda hawakuwa Wakristo tu. Babu alifariki mwaka 2021.

Sitaki kuwacheka waliokwenda. Nataka tujiulize walikuwa wakitafuta nini. Walitafuta mtu anayewapokea wote kwa bei moja, anayewatazama usoni, na anayeyaunganisha maradhi yao na Mola wao. Hospitali nyingi hazikuwapa hayo. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kati ya waliokwenda kwa waganga wa jadi asilimia 48 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na hofu, ambapo kati ya waliokwenda zahanati walikuwa asilimia 24. Yaani wenye dhiki ya nafsi wamejaa huko ambako watabibu wa akili hawapo. Na bila shaka wamejaa pia katika mabaraza ya misikiti yetu.

Tufanye nini?

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwa familia: mgonjwa aangaliwe hospitali, na asomewe pia. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kujitibu na amesoma ruqya, hakuna anayelazimika kuchagua kimoja. Dawa ya daktari isikatishwe kwa sababu kisomo kimeanza.

Kwa maimamu na maustadhi: mjifunze maswali machache niliyoyataja. Mjue dalili za kifafa, za sonona na za mtu anayetaka kujidhuru. Siri za watu zilindwe, kwani aya ya 49:12 imekataza kupelelezana na kusengenyana. Tatizo la mtu lisigeuzwe mfano wa khutba ya Ijumaa ambayo kila mtu wa Ngarenaro anajua nani anasemwa.

Kwa wanasaikolojia na wanasihi: muulizeni mteja dini yake, na msimuhubirie ya kwenu. Mteja Muislamu akikaa mbele ya mnasihi Mkristo, au kinyume chake, haki yake ni kusaidiwa ndani ya imani yake. Na pale swali linapokuwa la halali na haramu, mkubali kuwa ninyi si mufti, mumrejeshe kwa wanachuoni. Vyombo vingi mnavyotumia vimetungwa ughaibuni. Vipimeni kwanza kwa watu wetu na kwa lugha yetu.

Kwa kamati za misikiti ya Arusha: napendekeza kila msikiti mkubwa uteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, wapewe mafunzo na wauguzi wa afya ya akili wa hospitali ya mkoa, na wajue nani wa kumpigia simu usiku mgonjwa anapoletwa. Tunachangishana kwa ajili ya mazulia, vipaza sauti na mapambo ya mihrabu. Nauli ya kumpeleka mgonjwa mmoja Mount Meru, au KCMC Moshi, ni sehemu ndogo sana ya fedha za zulia moja.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake, na amefundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili mpaka zimrejee. Ikiwa Mola mwenyewe amemuondolea hesabu mtu huyu, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumhukumu? Kazi yetu ni kumuuliza kwa upole, kumsikiliza, na kumfikisha panapostahili.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira waliofiwa, na aturuzuku elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.